Punda Mchanga Uliyemnunua Juzi Akianza Kuchechemea

Kila msimu wa ujenzi unapoingia, na watu wakashika mbio kutafuta wanyama wa kuchukulia mawe, mchanga na saruji, swali moja huletwa kwangu na wenye punda wa Lamu, wa Pate na wa Siyu, na hata wa bara wanaochota maji kwa mikokoteni, nalo ni hili: nimenunua punda mdogo, alikuwa mzima nilipokabidhiwa, na sasa hata mwezi haujaandama anachechemea, nimpe dawa gani? Kwa kuwa swali halikomi, na kwa kuwa jawabu la mdomo husahauliwa nusu yake kabla muulizaji hajafika kwake, nimeona ni wajibu kuliandika.

Jawabu langu, ambalo huwaudhi baadhi ya waulizaji kwa sababu halina jina la dawa ndani yake, ni kwamba dawa ni jambo la tatu. La kwanza ni pumziko, la pili ni ukwato; na mtu akiyaruka haya mawili akaanzia dukani, aghalabu hununua kitu cha kuficha maumivu bila ya kuondoa sababu yake, kisha mnyama akautembelea mguu mbovu hadi ubovu ukawa wa kudumu.

Mtue mzigo kwanza

Punda ana subira ya maumivu kupita farasi. Huendelea kula, huendelea kutembea, huinamisha masikio kidogo tu. Na siku unapomwona anaguchia waziwazi, fahamu kwamba maumivu yalianza kitambo. Basi usiseme kwamba ni kidogo, atajinyoosha njiani.

Najua utakaloniambia. Umemnunua kwa mkopo, au kwa akiba ya nyumba nzima, na kila siku anayosimama ni siku isiyo na chumo. Udhuru huo ni wa kweli, wala siudharau. Walakini fanya hesabu yake sawasawa. Jipu la ukwato lililotambuliwa mapema humweka mnyama bandani siku kadhaa, au wiki moja mbili, ilhali jipu lililobebeshwa mawe laweza kupanda likaingia mfupani au kiungoni, na hapo kinachopotea si wiki za kazi tena, bali ni punda mwenyewe pamoja na deni lake.

Katika saa ya kwanza fanya haya:

- Mtue mzigo, umvue soji na matandiko yote, papo hapo alipo.
- Akiwa anaukanyagia mguu, mwongoze polepole hadi mahali pa karibu penye kivuli na ardhi tambarare. Akiwa haukanyagi kabisa, usimtembeze. Aletewe maji hapo hapo.
- Mpe maji safi na majani makavu. Usimwongezee pumba wala mahindi kwa kumhurumia.
- Mlete punda mwenzake asimame karibu naye. Sababu yake nitaieleza.
- Kumbuka, au andika: alianza lini, alibeba nini, alipita njia gani, alikula nini, na kama alisafirishwa kwa mashua au kwa lori siku za karibuni.

Ni mguu upi?

Usicheke ukidhani swali hili ni la mtoto, kwani nimewaona watu wazima, wenye miaka mingi katika kazi hii, wakiufunga dawa mguu usio na kosa. Mwambie mtu amwongoze mnyama kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru, nawe umtazame akija, akipita ubavuni, na akienda.

Ikiwa ubovu uko mguu wa mbele, kichwa huinuka mguu mbovu unapokanyaga na huinama mguu mzima unapokanyaga. Hapa ndipo panapokosewa: watu huona kichwa kikiinama, wakadhani mguu ulio chini yake wakati ule ndio unaouma, na kumbe ndio anaoutegemea. Ikiwa ubovu uko nyuma, achana na kichwa utazame nyonga mbili. Ile ya mguu mbovu huonekana ikipanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Ama ikiwa miguu yote miwili ya mbele inauma, hutaona kichwa kikipanda wala kushuka. Utaona hatua zimekuwa fupi, kama akanyagaye makaa, naye hataki kugeuka.

Tazama ukwato kabla ya bega

Mtu akimwona punda anachechemea, jicho lake hukimbilia juu: bega limeteguka, nyonga imetoka. Lakini sehemu kubwa ya kuchechemea kwa punda chanzo chake ni ukwato, na ni wajibu wako kuutoa ukwato katika shaka kabla ya kukituhumu kiungo kingine chochote.

Asubuhi, kabla jua halijawaka, zishike kwato zote nne kwa mgongo wa mkono wako, uzilinganishe; ulio na moto kuliko wenzake una neno. Kisha pitisha vidole nyuma ya kifundo cha chini, pande zote mbili, utafute mapigo ya mshipa. Kwa mguu salama mapigo hayo ni dhaifu, pengine usiyapate kabisa. Ukwato ukiwa na uvimbe ndani yake, hugonga kwa nguvu chini ya vidole.

Halafu inua mguu, uusafishe kwa chuma butu cha kuchokolea, ukianzia kisiginoni kuelekea kidoleni, na utazame:

- kijiwe kilichokwama katika mfereji uliopo ubavuni mwa ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu katikati ya unyayo;
- msumari, mwiba, kigae cha chupa au ncha ya tumbawe;
- doa jeusi, unyevu, au harufu mbaya;
- ufa unaopanda kutoka chini, au ukwato uliokua mrefu ukapinda mbele.

Punda mchanga aliyetoka malishoni huenda hajapata kushikwa mguu maishani mwake. Usipigane naye. Mwache mtu anayemjua amshike kichwa. Wewe anza kumpapasa begani, ushuke taratibu, umwinulie mguu chini tu, wala usiuvute ubavuni, kwa maana mguu unaovutwa pembeni humuumiza hata mzima, naye hatakuamini tena kesho.

Jipu la ukwato

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hili ndilo linalokutwa mara kwa mara na ndilo linalotibiwa vibaya mara kwa mara. Ukwato wa punda hushika maji zaidi ya ukwato wa farasi. Na mnyama anayeshinda leo katika mchanga wa pwani uliolowa, kesho katika vichochoro vya mawe, hulainika ukwato, ukapata nyufa ndogo, uchafu ukaingia, na usaha ukajikusanya mahali pasipo nafasi ya kutanuka. Maumivu yake huja kwa ghafla na kwa ukali usiolingana na unachokiona: jana alitembea, leo ananing'iniza mguu mzima, na wenyewe wakasema amevunjika.

Tiba yake ni njia ya kutokea, si dawa ya kumeza. Fundi wa kwato au daktari wa mifugo hutafuta mahali penye maumivu, akachonga tundu dogo usaha utoke. Na mara nyingi mnyama hupata nafuu siku hiyo hiyo. Usilichonge wewe mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Ukichimba pasipo, utaitoa damu katika nyama hai na kufungua mlango wa maradhi mengine. Kazi yako ni hii:

- Loweka ukwato katika maji ya vuguvugu yaliyotiwa chumvi kwa muda wa robo saa au zaidi, mara mbili kwa siku, ikiwa daktari amekubali.
- Ukaushe, uufunge kwa pamba na kitambaa safi, kisha juu yake kipande cha gunia au mpira wa gurudumu uliokatwa, ili uchafu usiingie.
- Usikaze kitambaa juu ya ukwato penye ngozi na nywele.
- Badilisha kila siku, na bandani pawe pakavu.

Pengine usaha hupanda ukapasukia juu, kwenye mpaka wa ukwato na ngozi. Usiogope ukiona hivyo. Umepata njia yake. Safisha, na uendelee kupumzisha.

Na hapa sharti niitaje pepopunda. Jeraha la unyayo ni makao yanayopendwa na vijidudu vyake, na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa upesi. Kwa kila jeraha la kuchomwa, muulize daktari juu ya kinga yake siku ile ile, wala usingoje mpaka mnyama akakamaa shingo na kufunga taya. Na wewe unayeshinda zizini miguu mitupu, pata chanjo yako pia.

Ukiukuta msumari bado umo

Mkono utakuwasha kuung'oa. Ikiwa daktari yu karibu, na mnyama aweza kusimama pasipo kuukanyagia mguu, uache ulivyo, kwa sababu daktari akiuona umeingia wapi na kwa upande gani atajua kama umefika kwenye kiungo au kano. Ikiwa hakuna budi kuung'oa ili usizidi kuzama, weka alama mahali palipotobolewa, uhifadhi msumari wenyewe, na ukumbuke ulivyolala. Jeraha la kuchomwa katikati ya unyayo ni jambo la hatari hata likionekana dogo kama kichwa cha sindano.

Sababu nyinginezo

Kano. Uvimbe wenye joto nyuma ya mguu, baina ya goti na kifundo, baada ya kuteleza au kulemewa. Mwagilia maji baridi kwa dakika 15 au 20, mara kadhaa kwa siku, katika siku mbili za mwanzo. Pumziko lake huhesabiwa kwa miezi.

Moto wa kwato. Kwato mbili za mbele zina joto, mnyama amejirudisha nyuma akisimamia visigino. Hutokana aghalabu na nafaka nyingi, na mnunuzi mpya mwenye bidii, anayetaka kumnenepesha mnyama wake upesi, ndiye hasa anayeusababisha. Ondoa pumba na nafaka zote, mlaze mahali laini, umwite daktari leo.

Kilegesambwa. Mguu wa nyuma hukaza ukanyooka, akauburuta, kisha ukafunguka kwa mshtuko. Huwapata wachanga waliokonda. Wengi hupona wakipata mwili na umri.

Umri wenyewe. Dalali atakuambia mnyama ana miaka minne. Wewe tazama meno. Meno mawili ya katikati ya mbele hubadilika karibu na miaka miwili na nusu, yanayofuata karibu na mitatu na nusu, na ya pembeni karibu na minne na nusu. Ukikuta meno ya utoto yote yangalipo, umenunua mtoto, na huenda anachechemea kwa kuwa mifupa yake haijakomaa. Rai yangu ni kwamba punda asibebeshwe kabla ya kutimiza miaka minne, na hata hapo mzigo usipite robo ya uzito wake. Mzigo wa punda wa kilo 150 haufiki kilo 40. Pima sasa desturi yetu ya kumtwisha mifuko miwili ya saruji, mmoja kila upande: hizo ni kilo 100.

Usimwache akakaa na njaa

Jambo hili wengi hawalijui, nalo huua punda ambao mguu usingewaua. Punda akiacha kula, kwa maumivu au kwa huzuni, mwili wake huanza kuyeyusha shahamu na kuimwaga katika damu, hata damu ikajaa mafuta, ini likashindwa kazi, na mnyama akafa ilhali ukwato wake unaelekea kupona. Walio hatarini zaidi ni wanene, majike wenye mimba au wanaonyonyesha, na wale waliotengwa na wenzao.

Hii ndiyo sababu nilisema mlete mwenzake. Punda hufungamana na rafiki mmoja ufungamano wa ajabu, na huyu wako ameachanishwa na wake siku uliyomnunua. Ukimfungia peke yake katika chumba cha giza kwa kusudi la kumpumzisha, unamwongezea msiba juu ya msiba. Mpime kwa kinyesi na kwa pishi: anakula kiasi gani, anakunya mara ngapi. Akisusa chakula siku nzima, hiyo ni dharura. Mshawishi kwa majani mabichi laini au karoti, na umwarifu daktari.

Makosa yanayofanywa kwa nia njema

- Kumchoma mguu kwa chuma cha moto. Huongeza jeraha, na maumivu ya kuungua humfanya asahau yale ya kwanza kwa muda; ndiyo maana wengine hudhani amepona.
- Kumwagia oili chafu au asidi ya betri katika kidonda.
- Kumpa dawa ya maumivu iliyobaki ya farasi, ya ng'ombe au ya mtu. Mwili wa punda huzitumia baadhi ya dawa hizi kwa mwendo tofauti na wa farasi, kipimo chake si kile, na mbili zikichanganywa huchoma tumbo na figo.
- Kumtembeza kwa nguvu ili mshipa ulegee.
- Kumfunga miguu pamoja ili asitembee.
- Kuacha dawa siku anapoanza kutembea vizuri.

Mwite daktari leo, usingoje kesho

- Haukanyagi mguu kabisa, au mguu umening'inia mahali pasipo kiungo.
- Jeraha liko karibu na kiungo, au linatoa maji mepesi yenye utelezi.
- Amelala na hataki kuinuka.
- Amesusa chakula.
- Joto lake limepanda. Punda mkubwa huwa baina ya digrii 36.5 na 37.8, aliye chini ya miaka miwili aweza kufika 38.9 bila ya ugonjwa.
- Siku mbili za pumziko zimepita bila nafuu yoyote.

Lamu ina bahati ya zahanati ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary. Bara, mwulize afisa wa mifugo wa kata yako, na jina lake ulijue kabla ya siku ya haja.

Haki yako kwa muuzaji

Waulizaji wengi hunong'ona swali hili mwishoni: naweza kumrudisha? Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mnunuzi aliyegundua kilema kilichokuwapo kabla hajakabidhiwa, ambacho hakukijua, ana khiyari ya kumrudisha mnyama na kurejeshewa fedha zake. Lakini ina masharti: asikawie baada ya kujua, na asimtumie. Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu hayo, katika kitabu chake Minhaj ameeleza kwamba hata kumwachia mnyama tandiko lake mgongoni, baada ya kujua kilema, huiangusha haki hiyo. Kwa hiyo yule anayesema nitambebesha siku mbili tatu huku namtafuta muuzaji, anaidhuru haki yake kama anavyomdhuru punda.

Fanya insafu pia upande wako. Msumari ulioingia njiani kwako si kosa la muuzaji, wala jipu la juzi. Kwato zilizopinda miaka mingi, au kiungo kilichovimba kikawa kigumu, hayo hayakuanzia kwako. Pata maandishi ya daktari yenye tarehe, nenda na shahidi, zungumza kwa upole kwanza. Mkishindwana, mtafuteni mtu mnayemwamini awapatanishe. Na asiyenunua bado, amtazame mnyama mara mbili kwa siku mbalimbali, mara ya pili bila ya taarifa, kwa maana dawa ya maumivu humtembeza kiwete mbele ya mnunuzi.

Kumrejesha kazini

Siku anayoacha kuchechemea si siku ya kubeba. Mwache apumzike tena angalau muda uleule aliouchukua kupona, kisha mtembeze bila ya kitu mgongoni, dakika chache asubuhi na jioni, kwenye ardhi laini; halafu soji tupu; halafu mzigo mwepesi kwa njia fupi. Akichechemea popote katika ngazi hizi, rudi ngazi moja chini. Kwato zichongwe kila wiki 6 hadi 10, na zisafishwe kila jioni baada ya kazi, hata usiku ukiwa umeingia.

Na kama hatapona

Wako ambao hawatabeba tena lakini wataishi bila ya maumivu. Hao wafaa kuwa wenzi wa punda wengine, na faida yao umekwisha kuiona. Usimpeleke kwa wanunuzi wa ngozi: mnamo Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walipitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, na mnyama mgonjwa anayesafirishwa katika biashara ile hufa kifo kibaya. Kabla ya kumhukumu, taka rai ya daktari wa pili, na uhakikishe miezi aliyostahili ya pumziko ameipata kweli.

Ikiwa maumivu hayana mwisho, mwombe daktari amlaze kwa sindano, pale pale nyumbani, mwenzake akiwapo. Umwache huyo mwenzake amkaribie na kumnusa mpaka atakapoondoka mwenyewe, kwa kuwa asipouona mwili humtafuta siku nyingi akilia na kususa majani. Na katika wiki inayofuata mpime chakula na kinyesi chake kila siku, kwa ile hatari ya mafuta kuingia damuni niliyokwisha kuieleza.